Mstari wa Kumi na Saba

Kazi ya Beth Wachuka ilikuwa kuyapa majani ugonjwa, kisha kungoja.

Alikuwa ameifanya kwa miaka sita katika shamba la majaribio lililo juu kidogo ya Naro Moru, upande wa mlimani, ambako hata mwezi wa kwanza mtu hawezi kufanya kazi asubuhi bila sweta. Alichovya mkasi katika kikombe cha maji yenye bakteria, akakata ukingo wa jani changa la sukuma wiki mahali pawili, patatu, akahamia mche mwingine. Baada ya wiki tatu alirudi na fomu na kalamu. Jani lililoshindwa lilikuwa na pembe ya njano iliyoingia ndani kutoka ukingoni, mfano wa kipande cha chapati, na katikati ya hiyo njano mishipa ya jani ilikuwa imegeuka myeusi. Hapo alitoa alama: sufuri kwa mche usio na doa, tano kwa mche uliokwisha. Wanasayansi wana jina refu la bakteria hao. Wakulima wa Naro Moru waliuita ugonjwa wenyewe kuoza, basi, kana kwamba duniani hakuna kuoza kwingine.

Sukuma wiki, kabichi, haradali na figili ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa huo huwafuata wote. Msimu ule kituo kilikuwa kimekusanya aina ishirini na nne za sukuma kutoka bustani za watu, zile za kienyeji ambazo kina mama huziendeleza kwa kuvunja chipukizi na kulichomeka ardhini bila kununua mbegu. Walikuwa wakitafuta hata moja tu inayoukataa ugonjwa. Ikipatikana ingetunzwa mpaka itoe mbegu, na mbegu zingewekwa katika ghala la baridi pamoja na jina la mtu aliyeitoa. Zilizoshindwa zingeng'olewa na kuchomwa moto, maana mche mgonjwa hautupwi ovyo.

Aina ya kumi na saba ilitolewa na Kihara, mume wa Beth.

Kihara alikuwa mpagazi wa mlimani. Aliwabebea wageni mahema na vyakula mpaka kwenye barafu, na akishuka alilala siku mbili mfululizo. Mwaka mmoja alikwenda Kianyaga kumwona shangazi yake mgonjwa, akarudi na machipukizi ya sukuma yaliyofungwa ndani ya gunia bichi. Aliyapanda nyuma ya jikoni mwenyewe, jambo lililowafanya majirani wacheke, kwa sababu mboga ni kazi ya mwenye nyumba wa kike. Yakamea. Yakafika kifuani mwa mtu mzima. Mvua ilipokuja na kuozesha sukuma za kijiji kizima, hizo zilisimama tu. Ndipo Beth alipopeleka machipukizi kumi na mawili kituoni, pamoja na fomu ya mtoaji aliyotia sahihi Kihara mezani pao, kikombe cha chai kando.

“Kwa hivyo mimi nitakaa kwa friji huko Nairobi?” Kihara aliuliza.

“Jina lako, si wewe.”

“Ni sawa. Hii mlima imenizoesha baridi.”

Hiyo ilikuwa Januari. Mwezi wa tatu alipanda na wageni kwa siku tano, akashuka akishika kifua, na siku ya nne baada ya kushuka akafa katika wodi moja mjini Nyeri. Hapakuwa na la ajabu katika kifo hicho. Watu wengi hufa kwa kifua.

Wakati wa matanga, wanawake waliokuja kupika walihitaji mboga ya karibu, na mboga ya karibu ilikuwa ile ya nyuma ya jikoni. Walichuma majani yote. Halafu vijana wakaleta hema, na mahali pazuri pa hema palikuwa hapo hapo. Baada ya mazishi, hema lilipoondolewa, Beth alikuta ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na vishina vichache vilivyochubuka ambavyo mbuzi walivimaliza kesho yake. Hakumlaumu mtu. Aliangalia, akaingia ndani.

Kwa hiyo ile miche kumi na miwili ya kituoni ndiyo iliyobaki.

Aina nyingine zilipandwa mahali patatu shambani, ili ikiwa udongo wa upande mmoja una kasoro, upande mwingine useme kweli. Ya Kihara, kwa kuwa machipukizi yalikuwa machache, ilipata mstari mmoja tu, pembeni kabisa, kando ya geti la chini.

Beth alirudi kazini wiki mbili baada ya kuzika. Kanisani walisema dada yetu amejikaza, na yeye akawaacha waseme. Hakuwa amejikaza. Alikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi neno. Binti yake Sophie alipiga simu kila Jumapili kutoka chuoni, akauliza, “Mum, uko sawa?” na Beth akajibu kwamba yuko sawa, tena bila kudanganya, kwa sababu hakuna mahali palipouma; hata chakula alikula kwa kuwa saa imefika, si kwa njaa. Mvua za Aprili zilimkuta shambani na mkasi wake. Aliikata miche yote, ya Kihara nayo, kwa mkono ule ule.

Baada ya wiki tatu alipima. Mstari wa kwanza ulipata tatu. Wa tano ukapata nne. Wa kumi na moja, ambao Daktari alikuwa na matumaini nao, ulipata tano, ukalala chini. Wa kumi na saba ulipata sufuri. Baada ya wiki sita akapima tena: sufuri.

Daktari Mwai, aliyeuongoza utafiti, alikuja kutoka Nyeri kila Jumanne. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye tabia ya kuinama mbele ya mche na kuuamkia kimoyomoyo. Aliuzunguka mstari wa kumi na saba mara mbili.

“Mama Sophie, hii ni nini?”

“Ni sufuri, Daktari.”

“Naona ni sufuri. Nauliza ni nini!” Alicheka peke yake, akaandika katika daftari lake: majani machache, shina refu, haina dalili. “Kumbe haipendi majani mengi. Ndiyo tabia yake. Wakulima wakija Alhamisi ya wiki ijayo, nitawasimamisha hapa kwanza. Halafu tuanze mambo ya mbegu.”

“Itaitwaje?”

“Itabaki na namba. Lakini jina la mzee litakuwa kwa faili. Hilo halitoki.”

Beth aliitikia kwa kichwa. Alisubiri furaha ije. Ikachelewa, na kwa kuwa kulikuwa na mistari mingine ya kupalilia, akaenda kupalilia.

Jumatatu ya wiki ile ya wakulima, Beth alipewa lifti na gari lililoleta mbolea, akaingilia geti la juu badala ya lile la chini alilopitia kila siku. Saa nne hivi Gikonyo, mlinzi wa geti la chini, alipanda mpaka alipokuwa akipalilia. Gikonyo alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu aliyoivaa mwaka mzima, na nyuma ya kibanda chake alifuga sungura.

“Mama Sophie, leo umenyima wageni wangu chakula?”

“Wageni gani?”

“Sungura. Wako wanne, wanangoja tangu saa moja.”

“Mimi nimelisha sungura zako lini, Gikonyo?”

“Ai! Na hizo majani unaniwekeanga pale kwa geti kila asubuhi? Mbili, tatu, siku ingine tano. Za njano njano. Mimi nikajiambia, ona huyu mama, amefiwa na bado anakumbuka sungura ya mtu. Hata nimekuombea kwa kanisa, ati Mungu akuzidishie.”

Beth aliweka jembe chini.

“Majani unayatoa wapi?”

“Si ni wewe unayatoa? Hapo kwa hiyo laini ya kwanza ukiingia geti. Ukingoja niandike jina lako kwa kitabu, unatoa, unaweka kwa jiwe, unaingia.”

Walishuka pamoja. Beth alichuchumaa mbele ya mche wa kwanza wa mstari wa kumi na saba, akatazama shina badala ya majani. Kila mahali jani linapovunjwa huacha kovu dogo lenye umbo la ukucha. Alihesabu makovu tisa kwenye mche huo, mawili yakiwa bado mabichi. Mche wa pili ulikuwa na kumi na moja. Aliendelea mpaka wa kumi na mbili, Gikonyo akimfuata nyuma akiwa amevua kofia, bila kujua kwa nini ameivua.

Hakuna mwanamke wa upande ule anayesimama kando ya sukuma na mkono mtupu. Jani la njano huvunjwa, hutupiwa kuku, na huku mtu anazungumza habari za watoto. Haulizwi wala hafikirii. Beth alikuwa amefundishwa asifanye hivyo hapa, na katika mistari mingine hakufanya, kwa sababu huko aliingia akiwa na fomu mkononi na akili ya kazi. Lakini pale getini alikuwa bado hajaingia kazini. Alikuwa anasimama dakika tano kila asubuhi akimngoja Gikonyo amalize kuandika kwa mwandiko wake wa taratibu, mbele ya mboga ya mume wake, kama aliyesimama nyuma ya jikoni. Mazoea yana taabu. Majani yalikuwa yakiugua kama ya mistari mingine yote. Yeye ndiye aliyekuwa akiyatoa kabla hajayaona.

Alijaribu kukumbuka hata asubuhi moja. Hakupata.

“Ni mbaya?” Gikonyo aliuliza.

“Sungura wameugua?”

“Hapana. Wamenona.”

“Basi kwao si mbaya.”

Siku ile iliyobaki alipalilia. Njia ilikuwa wazi na nyepesi mno: anyamaze. Alhamisi wakulima wangeona mstari mzuri. Daktari angekusanya mbegu, jina la Kihara lingeandikwa, lingeingia katika baridi na kukaa huko miaka ambayo yeye Beth asingekuwepo. Kama baadaye ingegundulika kwamba aina hiyo huugua, wangesema udongo, wangesema mvua. Nani angeuliza habari ya makovu? Aliligeuza jambo hilo, akaliangalia kila upande, na hakuna upande uliomchoma. Alitamani umchome, ajue la kufanya. Mwishowe hakuamua kwa moyo. Aliamua kama anavyotoa alama: aliona kilichopo.

Jumanne Daktari Mwai alipofika, alimkuta amesimama getini, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

“Daktari, ile sufuri si sufuri.”

Alimweleza. Hakutumia maneno mengi. Mwai alisikiliza akitazama mashina, kisha akachuchumaa akayagusa makovu kwa kidole, moja moja.

“Tangu lini?”

“Tangu nirudi kazini.”

“Kila siku?”

“Muulize Gikonyo. Yeye anajua kuliko mimi.”

“Na hukuona, Mama Sophie? Miezi miwili?”

“Nilikuwa hapa, Daktari. Lakini sikuwepo.”

Mwai alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. “Majani machache. Ndiyo tabia yake.” Akalifunga. “Tabia yake! Na mimi nikaandika.” Alilitia daftari kwapani. “Ungekaa kimya, singejua.”

“Wakulima wangejua. Wangeipanda.”

Alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakusema pole, na Beth alishukuru, kwa sababu pole alikuwa amepewa nyingi na hakujua pa kuziweka. Mwai alisema miche yote kumi na miwili ikatwe upya leo hii, yeye mwenyewe akishuhudia, na mstari uzungushiwe kamba. Baada ya wiki tatu wangepima wote wawili, kila mtu na karatasi yake.

“Na huyu bwana wa sungura,” aliongeza, akimgeukia Gikonyo, “asiokote hata ukoka.”

“Mimi sikujua ni sayansi, Daktari,” Gikonyo alisema. “Nilidhani ni zawadi.”

Alhamisi wakulima walikuja arubaini na zaidi, wengine kutoka mbali kama Mwea na Kianyaga. Daktari aliwapitisha getini bila kusimama. Mzee mmoja akamshika mkono.

“Na hii nzuri hapa, mbona unaturusha?”

“Hiyo bado hatuijui, mzee.”

“Macho yangu yanaijua.”

“Macho yangu pia yaliijua,” Mwai alisema. “Twende mbele.”

Nyuma ya kundi kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani, akimsimulia mwenzake habari za harusi iliyoahirishwa. Alipofika kwenye kamba alisimama amalizie hadithi. Mkono wake ukavuka kamba, ukaenda moja kwa moja kwenye jani la chini la mche wa nne, ukalivunja, ukalitupa pembeni, na hadithi haikukatika hata kidogo.

“Wee mama!” Gikonyo alipiga kelele. “Kamba huioni?”

“Kamba ni ya nini?”

“Umetoa jani!”

“Lilikuwa bovu,” mama yule alisema kwa mshangao wa kweli. “Kwani mnataka libaki?”

Watu walicheka. Beth hakucheka. Aliutazama ule mkono mnene ukijipangusa kwenye sketi, ukiwa hauna habari ya ulichofanya. Kisha akainama akaliokota jani, akaandika katika fomu: mche wa nne, jani moja, limevunjwa na mgeni.

Wiki tatu zile alipita geti la chini kama kawaida. Gikonyo alikuwa ameanzisha mchezo. Akimwona tu, kabla ya salamu, alisema, “Mikono juu, Mama Sophie!” na Beth aliiinua mikono mpaka jina lake limalizike kuandikwa. Siku ya tatu alisahau, ikabidi Gikonyo amkumbushe akiwa tayari ameshika jani la mche wa tisa. Aliliachia. Lilibaki likitikisika.

Siku ya kumi na tatu pembe ya njano ilitokea. Siku ya kumi na sita zilikuwa pembe ishirini na kitu. Juni na baridi yake iliisha, Julai ikaja na baridi yake, na majani ya Kihara yakaanza kuanguka yenyewe, moja moja, yakilala pale pale yalipoanguka, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Walipima Jumanne. Mwai alipita upande huu, Beth upande ule, bila mmoja kuona karatasi ya mwingine. Kisha wakazilaza pamoja juu ya boneti ya gari. Nne, nne, tatu, tano, nne. Mche wa saba ulikuwa na mbili kwa Mwai na tatu kwa Beth. Mwai akaurudia, akasema Beth yuko sahihi. Walipofika wa kumi na mbili alivuta mstari chini.

“Nne,” alisema. “Kama jirani zake.”

“Ndiyo.”

“Kule nyumbani hazikuugua kwa sababu mlikuwa mnazisafisha. Pengine pia zilikuwa peke yazo, hakukuwa na mgonjwa karibu.” Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa sababu kwa mfiwa. “Jina la mzee litakuwa kwenye orodha ya zilizoondolewa. Tunaziandika zote. Uandike wewe?”

Beth aliandika. Namba kumi na saba. Kianyaga, kupitia Naro Moru. Mtoaji: Kihara Wambugu. Alama: nne. Safu ya mwisho ilikuwa na neno moja tu kwa kila aina, imeondolewa, akaliandika hilo pia.

Mwai alipoondoka, Gikonyo alimsaidia kung'oa. Mashina yalikuwa mazito, yenye udongo mwekundu miguuni. Walipofika mche wa saba, ule wenye nafuu, Gikonyo alitazama huku na huku ingawa shambani hapakuwa na mtu.

“Vunja chipukizi moja,” alisema. “Weka kwa sweta. Nani ataona?”

Beth alilishika chipukizi. Lilikuwa kijani, refu kama kidole, na kwa nje halikuwa na kitu. Aliwaza pale nyuma ya jikoni, udongo uliokwisha kulainika kwa mvua. Akawaza mfereji upitao chini ya ua wake na kuingia kwa Phyllis, jirani yake, ambaye huuza miche ya sukuma kwa kijiji kizima. Bakteria hao hupanda ndani ya shina na kukaa kimya. Alikuwa amewapima miaka sita. Aliwajua kuliko alivyowajua watu wengi.

“Wewe utaona,” alisema.

“Mimi ni kipofu.”

“Na Phyllis je?”

Gikonyo aligeukia mche wa nane. Beth alilaza mche wote, pamoja na chipukizi lake, juu ya mingine ndani ya pipa, akamwaga mafuta ya taa, akawasha.

Sukuma mbichi haiwaki upesi. Kwanza ilifuka moshi mzito, ikafoka, ikatoa maji. Kisha majani yakajikunja, na harufu ikatokea, harufu ile kali kidogo ya mboga iliyosahauliwa kwenye sufuria. Beth alisimama upande wa upepo, akichochea kwa fimbo. Alichochea muda mrefu. Mashina yalipoanza kupasuka, alisikia kitu tumboni, akakitegea sikio kabla hajakitambua.

“Gikonyo, uko na chakula?”

“Niko na githeri kidogo. Ya mchana.”

“Lete.”

Aliuleta mkebe na kijiko kimoja, akampa akitegemea watagawana. Beth aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, moshi ukimpita begani, akala. Alikula mahindi, akala maharagwe, akakwangua pembeni, hakumtazama mtu. Alipoinua uso mkebe ulikuwa mtupu, na Gikonyo amesimama mbele yake, mikono imening'inia.

“Nimemaliza,” Beth alisema.

“Naona.”

“Ilikuwa yako yote?”

“Ilikuwa,” Gikonyo alisema. Aliuchukua mkebe, akautazama ndani, akaufunika. “Si kitu. Chochea hapo, inazima.”